Machozi ya Rose Hayakupewa Alama

Kila inapotajwa gemu ya It Takes Two, hukumu inayofuata ni ileile: hadithi ina udhaifu wake, lakini uchezaji ni wa ajabu, basi hadithi isamehewe. Nimeisoma katika mapitio yaliyoandikwa Marekani na Uingereza. Nimeisikia kwa vijana wanaolipia pedi kwa nusu saa kwenye kibanda cha mtaani kwetu. Nimeisikia pia kwa maharusi walioletewa gemu hiyo kama zawadi, wakaambiwa itawafundisha kuishi pamoja. Hukumu hiyo imekaa miaka kadhaa bila kuguswa, na mimi naipinga yote, nusu yake ya kwanza na nusu yake ya pili.

Wasioijua niwape picha. Gemu ilitoka tarehe 26 Machi 2021. Iliundwa na studio ya Hazelight ya Stockholm, nchini Uswidi, chini ya Josef Fares, mzaliwa wa Beirut aliyekuwa mwongozaji wa filamu kabla ya kuhamia kwenye gemu, na ikachapishwa na Electronic Arts. Mtu mmoja hawezi kuicheza. Lazima wawe wawili, kila mmoja na pedi yake, skrini imegawanywa. Mmoja anakuwa May, mhandisi anayerudi kazini amechoka. Mwingine ni Cody, baba anayeshinda nyumbani na mtoto na bustani yake. Wanamwambia binti yao, Rose, kwamba wanaachana. Rose anakwenda bandani na wanasesere wawili wenye sura za wazazi wake, mmoja wa mti na mmoja wa udongo, anawalilia, na machozi yake yanawahamisha mama na baba kutoka miilini mwao hadi ndani ya wanasesere wale. Kuanzia hapo, kwa saa 12 na zaidi, wazazi hao wadogo wanapita bandani, mtini, chumbani kwa mtoto, ndani ya saa ya ukutani, bustanini na darini, wakisukumwa na kitabu chenye mdomo na masharubu, Dr. Hakim, kilichoazimia kuwapatanisha watake wasitake.

Wanachosema wapenzi wake

Hoja yao nitaitaja kwa nguvu zake zote, maana nimeicheza gemu hii mara mbili na ninajua hoja hiyo inatoka wapi.

Wanasema, kwanza, kwamba hakuna sura inayorudia vifaa vya sura iliyotangulia. Bandani Cody anarusha misumari na May ana kichwa cha nyundo. Mtini Cody anamwaga utomvu unaoshika moto, May anaupiga kwa njiti za kiberiti. Ndani ya saa, Cody anarudisha wakati nyuma na May anajigawa watu wawili. Kwenye theluji kila mmoja ana ncha yake ya sumaku. Wanasema, pili, kwamba vifaa hivyo ndivyo ndoa yenyewe: nyundo bila msumari haina kazi, kwa hiyo vidole vinajifunza kile ambacho May na Cody wamekisahau. Tatu, gemu ni ya watu wote, na aliyenunua anaweza kumwalika rafiki acheze naye kupitia intaneti bila rafiki kulipa chochote. Nne, imethubutu kusema juu ya talaka katika sanaa iliyojaa bunduki na mazimwi.

Wapo waliolalamikia mazungumzo yenye sukari nyingi na kelele za kile kitabu. Malalamiko hayo kwa kawaida yalikaa katika aya moja karibu na mwisho, kisha ikafuata alama ya juu. Wastani wa alama zake unakaribia 90 kwa 100. Tarehe 9 Desemba 2021, katika tuzo za The Game Awards, ilitangazwa gemu bora ya mwaka mbele ya Deathloop, Metroid Dread, Psychonauts 2, Ratchet & Clank: Rift Apart na Resident Evil Village. Ikachukua pia tuzo ya gemu bora ya familia na ile ya wachezaji wengi.

Hiyo ndiyo hoja, na hayo ndiyo mafanikio yake. Sasa nijibu.

Kwanza: hadithi imo vidoleni

Kusema kwamba uchezaji ni mzuri na hadithi ni mbaya ni kudhani kwamba ni vitu viwili vilivyofungwa pamoja kwa kamba, unaweza kuvifungua ukavipima kimoja kimoja. Katika gemu ya mpira dhana hiyo inaweza kusimama. Katika gemu inayojitambulisha kwa hadithi yake, iliyoteuliwa hata kuwania tuzo ya hadithi bora mwaka ule, haisimami. Hadithi hapa ni kile ambacho kidole gumba kinafanya.

Chukua chumba cha Rose. Wazazi wamefikia imani kwamba machozi ya mtoto ndiyo yaliyowafanya wanasesere, kwa hiyo machozi mengine yatawarudisha. Wanahitaji mtoto alie. Wanatafuta kitu anachokipenda kuliko vyote na kuamua kukiangamiza. Kitu hicho ni Malkia Cutie, tembo wa kitambaa, anayeishi katika ngome ya vitu vya kuchezea. Anawapokea kwa furaha, kwa sababu ni wazazi wa rafiki yake. Akishajua walichokuja kufanya, anakimbia. Wanamkamata na kumburuta hadi ukingoni. Njiani mguu wake unanasa na kuchanika, sikio nalo linachanika. Muda wote huo anaomba. Kisha wanamsukuma aanguke.

Kila hatua ya mburuto ule inafanywa na wachezaji. Lazima wote wawili washike kitufe. Mmoja akiachia, tembo hasogei, na gemu inangoja mpaka aliyeachia ashike tena. Hakuna njia ya kumwacha, hakuna njia ya kutafuta suluhu nyingine, na hakuna mlango wa kutokea isipokuwa kuzima mashine. Rose anamwokota rafiki yake, analia, wazazi wanasimama chini ya machozi yake wakifurahi, na hakitokei kitu. Kinachofuata ni saa ya ukutani, vifaa vipya na vichekesho vipya.

Mara ya kwanza nilifika hapo nikiwa sebuleni kwa dada yangu. Tulicheza mimi na shemeji, na mtoto wa dada, mwenye umri wa miaka minane, alikuwa amekaa kati yetu akituelekeza pa kurukia. Alikuwa amefurahia kindi na nyigu wa sura iliyotangulia. Tembo alipoanza kuomba, akaniuliza, "Mjomba, mbona mnamvuta na yeye anawaomba?" Nikamjibu kwamba gemu ndiyo inataka. Akasema, "Basi acheni." Hatukuacha. Akainuka akaenda jikoni kwa mama yake.

Jibu nililompa mtoto yule ndilo jibu la wahakiki: gemu ndiyo inataka. Wengi waliotaja tukio hilo walilitaja kama jambo la kushtua, kisha wakaendelea kusifu mkanda wa Cody wa kukua na kupungua na viatu vya May vya kutembea ukutani. Nimesikia pia utetezi kwamba tukio limewekwa makusudi kuonyesha wazazi wamezama kiasi gani. Ningeukubali kama gemu ingewatoza kitu. Mzazi anayetesa kipenzi cha mwanawe ili mwana alie amefanya jambo ambalo katika hadithi yoyote ya haki lingerudi kumdai: mtoto angemkuta, angemuuliza, na yeye angelazimika kujibu kabla ya kuruhusiwa kufurahia chochote. Hapa hadithi inageuza ukurasa na sisi tunapewa kifaa kipya cha kuchezea. Ule wingi wa vifaa, unaosifiwa kuliko kitu chochote katika gemu hii, ndio unaofuta kumbukumbu ya tulichokifanya kwa kifaa kilichotangulia. Kwa hiyo anayesema uchezaji umefidia hadithi amegeuza mambo. Kasi ya uchezaji ndiyo iliyoinyima hadithi nafasi ya kuwajibika.

Pili: nyundo na msumari havigombani

Hii ndiyo hoja wanayoipenda zaidi, kwamba ushirikiano wa vidole ni mfano wa ndoa, na nitakaa hapa.

Msumari hauna rai. Nyundo haichoki, haina mama mgonjwa wa kumtumia fedha, wala haioni aibu kwamba mwenzake ndiye anayeleta mshahara. Cody akirusha msumari na May akaning'inia juu yake, wamefungua mlango ambao fundi aliufunga ili waufungue kwa namna hiyo tu. Hakuna hata mara moja katika saa zote 12 ambapo maslahi ya mchezaji wa kushoto yanapingana na ya mchezaji wa kulia juu ya jambo la hadithi. Ushindani umehamishiwa kwenye michezo midogo 25 iliyotawanywa njiani, mbio za hapa na shabaha za pale, isiyogusa kisa hata kidogo. May na Cody wanagombana kwa maneno huku mikono yetu ikikubaliana tangu dakika ya kwanza. Wakifika mwisho wamepatana, mikono yetu haijajifunza kitu, kwa sababu haikuwahi kutofautiana. Waliooana wanajua kazi ilipo: pale ambapo wote wawili wana haki na mlango ni mmoja. Gemu haijajenga mlango huo.

Na Fares anajua kuujenga. Mwaka 2013 aliongoza Brothers: A Tale of Two Sons, ambamo mchezaji mmoja anawaongoza ndugu wawili, kila ndugu kwa mkono mmoja. Mkubwa akifa, mkono mmoja unabaki bila kazi. Baadaye mdogo, aliyekuwa akiogopa maji, anafika mtoni, na njia ya kuvuka ni kubonyeza kitufe cha marehemu. Pale vidole vilibeba msiba. Mwaka 2018, Hazelight ikatoa A Way Out, juu ya wafungwa wawili wanaotoroka pamoja. Mwisho wake unawageuza wachezaji wawili waliokaa kochi moja kuwa maadui, na mmoja lazima amuue mwenzake. Unaweza kuyachukia mazungumzo ya gemu ile, lakini huwezi kusema haikuthubutu kuweka mgogoro mikononi mwa wachezaji. Miaka mitatu baadaye, kwenye kisa cha talaka, mahali ambapo mgogoro ndio kisa chenyewe, mikono imepewa amani tangu mwanzo. Hilo lilikuwa swali la kuulizwa na kila mhakiki aliyezijua gemu hizo tatu.

Tena tazama nini kinachoharibiwa njiani. Bandani tunakutana na mashine kuukuu ya kufyonza vumbi. Inalalamika kwamba ilitupwa huku badala ya kutengenezwa, na malalamiko yake ni ya kweli. Tunaiua kwa mipira yake yenyewe ya kufyonzea, mpaka macho yake yang'oke. Sanduku la zana lenye kutu linatugeukia kwa kinyongo hichohicho cha kupuuzwa, tunalishinda nalo. Tembo alikuwa hata hana lawama. Gemu inayohubiri kwamba kilichovunjika kitengenezwe kisitupwe imejenga sura zake za kwanza kwa kuwaangamiza waliopuuzwa pale wanapofungua mdomo kulalamika. Sijui mkanganyiko mkubwa kuliko huo katika gemu yoyote iliyopata tuzo kubwa kama ile, na ni mkanganyiko wa uchezaji, upande uleule uliopewa alama kamili.

Tatu: aliyeomba ni mtoto

Nirudi kwenye machozi. Rose alipokuwa bandani na wanasesere wake, alichoomba ni kwamba wazazi wawe marafiki tena. Hakuomba wabusiane. Mtoto yule alikuwa na akili kuliko kitabu, kwa sababu watu wanaweza kuachana wakabaki marafiki, na mtoto wao akala, akasoma na akalala vizuri. Dr. Hakim alichukua ombi la urafiki akalifanya mradi wa mahaba. Sura baada ya sura anazungumzia kuvutiana, kutengeana muda, kuamsha vipaji vya kila mmoja, Cody arudi kwenye bustani na May arudi kuimba. Uchawi unaondoka kwa busu, May akiwa jukwaani anaimba.

Muda wote huo miili ya kweli ya wazazi imelala usingizi usioamshika, na mtoto yuko peke yake ndani ya nyumba. Tunamwona kwa vipande vifupi kati ya sura. Wakati mama na baba wanajifunza kupendana, yeye ameamini kwamba kosa ni lake, ameandika barua na ameondoka nyumbani. Wazazi wanaamka, wanaisoma, wanamkimbilia hadi kituo cha basi na kumwambia kwamba hana kosa. Mazungumzo hayo yanachukua dakika chache za mwisho. Ndiyo mazungumzo aliyoyahitaji siku ya kwanza, mezani, walipomwambia wanaachana.

Ukweli ni kwamba gemu haisemi waziwazi kama May na Cody watabaki pamoja, na watetezi wake huutaja mwisho huo kama ushahidi wa utu uzima. Mimi naona umekuja umechelewa. Huwezi kutumia sura zote kuufanya utengano kuwa uchawi mbaya unaopaswa kuvunjwa, kisha ukajipa sifa ya kuacha mlango wazi katika dakika ya mwisho.

Jina la kitabu lilinishtua mimi kwa namna ambayo huenda halikuwashtua wahakiki wa mbali. Kwa sikio la Mswahili, Hakim ni jirani wa hakimu, na hakimu ana mipaka. Wahakiki walisema kitabu kinaudhi, kwamba kinacheza kiuno na kupiga makelele kwa lafudhi ya kuchekesha. Kuudhi ni jambo dogo. Jambo zito ni kwamba ni msuluhishi ambaye hakuna aliyemwita kati ya wanaosuluhishwa, hana udugu na upande wowote, hawezi kukataliwa, na amekwisha kuamua matokeo kabla ya kusikiliza. Kwetu hata usuluhishi wa ndoa una utaratibu unaokiri kwamba unaweza kushindwa. Waislamu wa pwani wanaujua utaratibu wa waamuzi wawili, mmoja kutoka kwa jamaa za mume na mmoja kutoka kwa jamaa za mke. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka shauri la talaka lipite kwanza, isipokuwa kwa sababu maalumu, kwenye baraza la usuluhishi, na baraza likishindwa kupatanisha linathibitisha kwamba limeshindwa. Kuna hati ya kushindwa. Dr. Hakim hana hati hiyo mfukoni.

Sheria hiyohiyo, kifungu cha 125, inapofika kwenye swali la nani akae na mtoto, inaweka ustawi wa mtoto mbele, na inataka matakwa ya mtoto yazingatiwe pale anapokuwa na umri wa kutoa maoni yake mwenyewe. Nayataja haya kwa sababu yananihusu. Nilikuwa na miaka tisa wazazi wangu walipopelekana baraza. Nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi na mdogo wangu, mlango ukiwa wazi, nikasikia vikao vitatu. Wazee wale walizungumza juu ya subira, juu ya heshima, juu ya chakula kisichoandaliwa kwa wakati. Walizungumza juu ya watoto pia, daima kama sababu ya wazazi kuvumiliana. Hakuna aliyetoka kutuuliza chochote. Waliachana, na nyumba mbili zilizotulia zikawa nafuu kuliko nyumba moja iliyokuwa ikiwaka moto. Ningeambiwa siku ya kwanza kwamba si kosa langu, nisingebeba mzigo ule mpaka sekondari.

Kwa hiyo ninaposoma kwamba gemu hii imeizungumzia talaka kwa ujasiri, ninauliza ni kwa jicho la nani. Imeizungumzia kwa jicho la watu wazima wawili wanaoburudika ndani ya vitu vya mtoto, wakivunja vitu vya mtoto, mpaka wapone wao. Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi, na wahakiki walikaa wakihesabu ustadi wa pembe.

Nne: familia gani?

Hapa nitapita haraka. Gemu bora ya familia ya mwaka 2021 imewekewa Ulaya kiwango cha umri wa miaka 12 na kuendelea. Mtoto wa rika la Rose hayumo katika familia hiyo. Na yule mtu mzima asiyewahi kushika pedi naye yuko shakani: lazima aongoze mwili kwa gumba la kushoto, azungushe kamera kwa gumba la kulia, aruke mara mbili, achomoke angani na alenge shabaha, yote pamoja. Shemeji yangu, mzoefu wa gemu za mpira, alihitaji jioni mbili kuzoea. Dada yangu alijaribu dakika ishirini akaweka pedi chini akisema anamchelewesha mwenzake. Mapitio yaliandikwa na watu wenye gumba lililozoea miaka mingi, na wakasema ni gemu ya kila mtu.

Kuhusu ile tiketi ya rafiki isiyolipiwa, rafiki anahitaji mashine yake, televisheni yake, intaneti isiyokatika, na takriban GB 50 za kupakua. Anayenunua bando la wiki anaelewa.

Tano: gharama ya kusamehe

Kabla gemu haijatoka, Fares alitoa ahadi iliyosambaa sana: atamlipa dola 1,000 yeyote atakayesema kwa dhati kwamba amechoshwa nayo. Ahadi hiyo iliweka kipimo, na wahakiki wakakipokea. Waliingia kutafuta kama watachoka, hawakuchoka, wakatoa alama. Lakini kutochosha ni sifa ya pipi pia. Kipimo hicho hakina nafasi ya kuuliza kama tulichokifanya kilikuwa cha haki, kama Rose ni mtu au ni kisingizio, kama vidole vyetu vilisema kile ambacho hadithi inasema. Kipimo kimoja kikitawala, watengenezaji wanakitengenezea.

Matokeo tumeyaona. Machi 2025 Hazelight ilitoa Split Fiction, juu ya Mio na Zoe, waandishi wawili chipukizi walionaswa ndani ya mashine ya kampuni inayotaka kuwaibia mawazo yao. Safari hii kisa chenyewe ni juu ya thamani ya hadithi na wanaozitunga. Wastani wake ulipita 90. Na hukumu? Hadithi ni nyepesi na ya mazoea, lakini uchezaji ni wa ajabu. Sentensi ileile, miaka minne baadaye, kwa gemu inayowalilia watunga hadithi. Studio haina sababu ya kubadilika. Imeambiwa mara mbili, kwa alama na kwa tuzo, kwamba upande wa hadithi hautahesabiwa, na sasa vijana wanaojifunza kutengeneza gemu, wakiwemo wa Dar es Salaam na Nairobi, wanaichukua sentensi hiyo kama kanuni ya kazi: kwanza buni vifaa, kisha tafuta kisa cha kuvivalisha.

Gharama nyingine inawaangukia wachezaji. Watu wanaipokea gemu hii kama tiba ya ndoa kwa sababu wenye ujuzi waliwaambia hivyo. Wale maharusi niliowataja walicheza mpaka usiku wa manane na kucheka sana, nami niliwafurahia. Mwezi uliofuata walikuwa na ugomvi mzito juu ya fedha za kutuma kwao na kwao. Hakuna kifaa chochote cha Cody wala cha May kilichowasaidia, na hakuna sababu kingewasaidia. Lakini bibi harusi alijilaumu. Aliniambia, "Kaka, gemu tuliimaliza vizuri, tatizo litakuwa mimi."

Ninaowaomba ni wahakiki, wa kwetu wanaoanza kuandika na kurekodi kwa Kiswahili kabla ya wengine. Msiirithi sentensi hii. Mkipewa gemu inayosema ina hadithi, andikeni vidole vyenu vilifanya nini, kwa nani, na yule aliyefanyiwa alikuwa akisema nini wakati huo. Andikeni mtoto alikuwa wapi. Kama baada ya hapo bado mnataka kuipa tisa kwa kumi, ipeni, mkiwa mmemtaja.

Mtoto wa dada yangu hakurudi sebuleni usiku ule. Gemu tuliimaliza Jumamosi iliyofuata, mimi na shemeji, yeye akiwa chumbani kwake na mlango ameufunga.